Joe Meek: Mtu aliyeigeuza nyumba ya kupanga kuwa studio

Mwezi Desemba mwaka 1962, muziki usio na maneno uliopigwa na kundi la Waingereza watano lililoitwa The Tornados ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo zilizovuma nchini Marekani. Lilikuwa kundi la kwanza kutoka Uingereza kufika kileleni mwa orodha hiyo inayojulikana kama Hot 100, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya The Beatles kufanya hivyo.

Muziki huo, Telstar, haukurekodiwa katika ukumbi mkubwa wa kampuni yenye mtaji. Ulirekodiwa katika nyumba ya kupanga, juu ya duka la mikoba na bidhaa nyingine za ngozi, nambari 304 Holloway Road, kaskazini mwa London. Aliyeutunga na kuurekodi, Joe Meek, hakujua kupiga ala yoyote wala kusoma nota. Alichokijua ni maikrofoni, kanda na nyaya.

Hii leo kijana mwenye kompyuta ndogo na maikrofoni moja, awe Dar es Salaam, Muscat, Leicester au Minneapolis, huweza kurekodi wimbo chumbani kwake na kuusikilizisha ulimwengu kabla jua halijachwa. Miaka 60 na ushei iliyopita jambo hilo lilionekana kuwa utundu, na pengine wazimu. Maisha ya Meek yanaeleza jinsi lilivyowezekana, na yanaeleza pia gharama iliyolipwa, na yeye mwenyewe na mtu mwingine asiyekuwa na hatia.

Kijana wa bandani

Robert George Meek alizaliwa tarehe 5 Aprili mwaka 1929 katika mji mdogo wa Newent, mkoani Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza. Ni eneo la mashamba na bustani za matunda, mbali na kumbi za muziki za London.

Tangu utotoni hakuvutiwa na michezo ya wenzake. Banda la bustani la wazazi wake alilijaza vipande vya redio, betri na nyaya, akiunda mitambo yake mwenyewe na kuijaribu. Alipenda pia maigizo, na alitumia vifaa vyake kutoa sauti za ngurumo, upepo na mizuka kwa ajili ya michezo ya kuigiza.

Alipofikia umri wa kulitumikia taifa jeshini, alipelekwa katika Jeshi la Anga la Kifalme na kufanywa fundi wa rada. Huko ujuzi wa bandani ukapata nidhamu. Baada ya jeshi alifanya kazi katika shirika la umeme la Midlands, na muda wa ziada akautumia kujenga mashine za kurekodi, ikiwemo ile ya kuchonga sahani za santuri.

Mwaka 1954 alihamia London, akaajiriwa na kampuni ya IBC iliyokuwa ikitayarisha vipindi kwa ajili ya Radio Luxembourg na kurekodi nyimbo za makampuni ya santuri. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 25.

Fundi asiyefuata kanuni

Ili kuelewa kilichomfanya Meek kuwa mtu wa pekee, hatuna budi kukumbuka jinsi studio za Uingereza zilivyokuwa katika miaka ya 1950. Mafundi wa studio kubwa walivaa makoti meupe kama watumishi wa maabara. Kazi yao ilikuwa kuunasa muziki jinsi unavyosikika ukumbini, bila kuugusa. Maikrofoni iliwekwa mbali na ala, mishale ya vipimo haikuruhusiwa kuingia eneo jekundu, na kanuni za nyumba ziliandikwa na kuheshimiwa.

Meek hakuamini kwamba santuri ni picha ya ukumbi. Kwake, sauti ilikuwa kama udongo mikononi mwa mfinyanzi: inaweza kubanwa, kunyooshwa na kupewa umbo ambalo halikuwepo.

Mwaka 1956 alirekodi wimbo wa jazz wa mpiga tarumbeta Humphrey Lyttelton uitwao Bad Penny Blues. Meek aliibana sauti ya piano mpaka noti za chini zikatoka nzito na zenye kusukuma, na akazisogeza mbele sauti za brashi za ngoma. Lyttelton hakupendezwa aliposikia kilichofanyiwa muziki wake, lakini tayari santuri ilikuwa inauzwa, nayo ikaingia katika nyimbo 20 bora za Uingereza.

Mwaka huo huo alishiriki kurekodi wimbo wa Anne Shelton, Lay Down Your Arms, uliohitaji mlio wa nyayo za askari wanaotembea kwa gwaride. Hawakuitwa askari. Kisanduku chenye changarawe kilitikiswa mbele ya maikrofoni kwa mapigo ya wimbo, na wasikilizaji wakasikia kikosi kizima kikipita. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza.

Baadaye Meek alimsaidia mtayarishaji Denis Preston kuijenga studio ya Lansdowne, magharibi mwa London. Hata hivyo, hakuwa mtu rahisi kufanya naye kazi. Alikuwa mwepesi wa hasira, alificha mbinu zake kama mganga afichavyo dawa, na alishuku kwamba wenzake wanamwibia. Mwaka 1959 yeye na Preston waliachana kwa ugomvi.

Mwaka 1960 alianzisha na mshirika wake kampuni ya santuri iitwayo Triumph. Wimbo wa Michael Cox, Angela Jones, ulifika nafasi ya saba nchini Uingereza, lakini kampuni ndogo haikuweza kupata sahani za kutosha kukidhi mahitaji ya maduka. Meek alijifunza kwamba kutengeneza wimbo unaopendwa ni jambo moja, na kuufikisha kwa mnunuzi ni jambo jingine.

Mwaka huo huo alitengeneza mkusanyiko aliouita I Hear a New World, muziki wa kuwaza maisha ya anga za mbali. Sehemu yake ndogo tu ndiyo iliyotolewa, tena kwa nakala chache. Kazi nzima ilitoka mwaka 1991, miaka 24 baada ya kifo chake.

Nambari 304

Kwa msaada wa fedha za mfanyabiashara wa vitu vya kuchezea watoto, Meja Wilfred Banks, Meek alianzisha kampuni ya RGM Sound na kupanga nyumba ya Holloway Road. Chini kulikuwa na duka la Bi Violet Shenton na mumewe. Juu, katika ghorofa zilizosalia, Meek aliishi na kufanya kazi.

Chumba kimoja kilikuwa cha wanamuziki, na chumba kidogo cha jirani kilikuwa cha mitambo. Kuta zilitundikwa mapazia na vitu vizito vya kunyonya sauti. Chumba kilipowazidi, nyumba nzima iliingia kazini: wapiga fidla walisimama kwenye ngazi, waimbaji walipelekwa bafuni ambako vigae vilirudisha mwangwi mzuri, na nyaya zilitambaa kutoka mlango hadi mlango. Magari ya mizigo yalipopita barabarani, kazi ilisimama.

Hivyo ndivyo ulivyorekodiwa wimbo wa mwigizaji John Leyton, Johnny Remember Me, uliotungwa na Geoff Goddard. Mwaka 1961 ulishika nafasi ya kwanza nchini Uingereza. Msikilizaji aliyeusikia redioni, kwa ule mwangwi wake mpana kama wa bonde, asingeweza kukisia kwamba umetoka katika vyumba ambamo watu walipishana kwa tabu.

Jambo la pili lililokuwa jipya ni biashara yenyewe. Kwa desturi, kampuni kubwa ndiyo iliyomiliki studio, fundi, mtayarishaji na mkataba wa msanii. Meek alirekodi mwenyewe kwa gharama yake, kisha akaikodisha kanda iliyokamilika kwa makampuni kama Decca, EMI na Pye ili waichape na kuiuza. Alikuwa miongoni mwa watayarishaji wa kwanza wa kujitegemea nchini humo.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua thamani ya jambo hili. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walilazimika kusafiri kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti zao ziingie kwenye santuri, kwa sababu mashine zilikuwa huko na wenye mashine walikuwa huko. Aliyekuwa na studio ndiye aliyeamua nani asikike. Meek alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kuihamisha studio kutoka kwa mwenye kampuni na kuileta penye kitanda na jiko.

Maikrofoni karibu na chanzo

Ufundi wa Meek haukuwa uchawi. Ulitokana na tatizo ambalo kila anayerekodi nyumbani analo hadi leo: chumba kidogo kina sauti mbaya.

Katika ukumbi mkubwa uliojengwa kwa kazi hiyo, maikrofoni ya mbali hunasa ala pamoja na mwangwi wa ukumbi, na mwangwi huo ni mtamu. Katika chumba cha kulala, maikrofoni ya mbali hunasa ala pamoja na kuta zilizo karibu mno, na matokeo yake ni sauti iliyo kama ya ndani ya debe. Meek aliisogeza maikrofoni mpaka ikakaribia kabisa chanzo cha sauti. Ngoma kubwa, ambayo kanuni za studio nyingi zilikataza kuisogelea ili chombo kisiharibike, yeye aliisogelea, na kuizima kwa mablanketi ili itoe kishindo kifupi na kizito. Gitaa la besi aliliunganisha moja kwa moja na mitambo yake, bila kupitia spika wala maikrofoni.

Sababu ya kisayansi ni nyepesi kuieleza. Mahali pasipo na mwangwi, kila umbali kati ya chanzo na maikrofoni unapozidishwa mara mbili, nguvu ya sauti inayofika moja kwa moja hushuka kwa takriban desibeli 6. Mwangwi wa chumba haushuki hivyo, kwa kuwa umetapakaa kila pembe. Kwa hiyo mwimbaji aliye sentimita 15 kutoka kwenye maikrofoni huifunika sauti ya chumba, ilhali aliye umbali wa mita moja na nusu hufunikwa nayo.

Msomaji anayetaka kujaribu na azingatie mambo mawili. Kwanza, maikrofoni nyingi zinazosikia upande mmoja huongeza sauti nzito kadiri unavyozisogelea. Sauti nyembamba hunufaika, lakini sauti ambayo tayari ni nzito huvimba na kupoteza uwazi. Pili, herufi kama p na b hutoa pumzi inayoipiga maikrofoni kama kofi. Tiba yake ni kuigeuza kidogo ielekee pembeni mwa mdomo, au kuweka mbele yake kitambaa chepesi, hata soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa kwenye waya wa duara.

Wanapokuwepo wapigaji wawili chumbani, kila maikrofoni humsikia na asiyehusika. Mafundi wana kipimo cha kukumbuka: umbali kati ya maikrofoni moja na nyingine uwe walau mara tatu ya umbali uliopo kati ya kila maikrofoni na ala yake. Meek aliyetumia vyumba, ngazi na bafu alikuwa anatafuta utengano huo huo.

Maikrofoni ikishasogezwa karibu, sauti hutoka kavu, haina mahali. Hapo ndipo Meek alipoirudishia mahali, lakini mahali alipopachagua mwenyewe. Alitumia mwangwi wa kanda, yaani kuirudisha sauti ikiwa imechelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Alitumia chumba kitupu chenye spika upande mmoja na maikrofoni upande mwingine. Alitumia pia masanduku aliyoyaunda mwenyewe, ambamo sauti ilipitishwa kwenye springi na kutoka ikitetema.

Kisha aliibana. Kifaa cha kubana sauti hushusha kinachopaa ili kinachonong'ona kiweze kupandishwa. Mafundi wengine walikitumia kwa siri, kama chumvi. Meek alikitumia mpaka kikasikika, wimbo mzima ukapumua na kusukuma. Kwa redio ndogo za wakati ule, zenye spika hafifu, nyimbo zake zilitoka zimejaa pale ambapo nyingine zilisikika nyembamba.

Sauti juu ya sauti

Mashine zake zilikuwa chache. Ile kuu ilikuwa na njia mbili tu za sauti, na nyingine ilikuwa na njia moja. Kompyuta ya leo humpa mwanafunzi njia nyingi kuliko anazoweza kuzitumia. Meek aliwezaje kujenga nyimbo zenye tabaka nyingi?

Kwanza alirekodi ngoma, besi na magitaa. Kisha aliicheza kanda hiyo huku mwimbaji akiimba, na vyote viwili vikanaswa kwenye mashine ya pili. Kanda ya pili ikawa msingi wa kuongezea fidla, ya tatu ikawa msingi wa kuongezea waitikiaji. Kila hatua ilikuwa na bei yake. Mvumo wa kanda uliongezeka, sauti nyembamba zilififia, na uamuzi haukuweza kubatilishwa: ngoma zikishachanganywa na besi, hazitenganishwi tena. Kwa hiyo fundi alipaswa kuisikia kazi iliyokamilika kichwani mwake kabla ya kuanza.

Wakati mwingine aliongeza kasi ya kanda ili sauti ipande na wimbo uchangamke. Na kwa kuwa hakuweza kuwaandikia wanamuziki nota, aliwarekodia mfano kwa kuimba mwenyewe, mara nyingi nje ya tuni, juu ya muziki wa wimbo mwingine kabisa. Wanamuziki walilazimika kukisia alichokusudia. Baadhi yao walikuja kuwa maarufu sana, akiwemo mpiga gitaa Ritchie Blackmore, ambaye baadaye alikuwa mwasisi wa Deep Purple.

Mfano ulio bora wa ujanja wake ni wimbo wa The Honeycombs, Have I the Right?, wa mwaka 1964. Meek alitaka mapigo mazito kuliko ngoma iwezavyo kutoa. Aliwapanga wanamuziki kwenye ngazi za mbao wakanyage kwa pamoja, na maikrofoni akazifunga kwenye nguzo za ngazi kwa vibanio ambavyo wapanda baiskeli hubania suruali. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza nchini Uingereza na ya tano nchini Marekani.

Setilaiti na wimbo wake

Tarehe 10 Julai mwaka 1962 Marekani ilirusha setilaiti ya mawasiliano iitwayo Telstar. Kwa mara ya kwanza picha za televisheni zilivuka Atlantiki moja kwa moja kutoka bara hadi bara. Meek, ambaye tangu utotoni alikuwa na ndoto za anga, aliguswa, na tuni ikamjia.

The Tornados walikuwa na shughuli za kumpigia mwimbaji Billy Fury pwani ya mashariki ya Uingereza. Walikuja Holloway Road, wakarekodi kwa haraka, wakaondoka. Baada yao Geoff Goddard aliongeza tuni kuu kwa kinanda kidogo cha umeme kiitwacho Clavioline, chenye sauti kali inayofanana na zumari. Meek akaweka mwanzoni mwa santuri milio ya mitambo kana kwamba chombo kinapaa.

Santuri ilitolewa mwezi Agosti. Mwezi Oktoba ilikuwa nafasi ya kwanza nchini Uingereza, ikakaa huko majuma matano, kisha ikavuka Atlantiki. Iliuzwa kwa mamilioni duniani na kumpatia Meek tuzo ya Ivor Novello. Setilaiti yenyewe haikudumu: ilinyamaza kabisa mwezi Februari mwaka 1963, baada ya kuharibiwa na mionzi.

Mahakama, polisi na hofu

Kwa hesabu ya kawaida, mtungaji wa wimbo kama huo angekuwa tajiri. Mwaka 1963, hata hivyo, mtungaji wa Kifaransa Jean Ledrut alidai kwamba tuni ya Telstar imeibwa kutoka katika muziki alioutunga kwa ajili ya filamu ya Austerlitz ya mwaka 1960. Kesi ikafunguliwa, na mirabaha ya utunzi ikazuiwa hadi hukumu itakapotolewa. Meek aliukana wizi huo. Miaka ikapita, wimbo ukiendelea kuuzwa, na fedha hizo hazikumfikia.

Mwaka huo huo alikamatwa katika choo cha umma mjini London na kutozwa faini ya paundi 15 kwa kosa lililohusu mapenzi ya jinsia moja, ambayo wakati ule yalikuwa jinai nchini Uingereza hata baina ya watu wazima faraghani. Habari hiyo iliandikwa gazetini. Tangu hapo watu walimtisha wakidai fedha ili wasimfichue zaidi. Sheria ya Uingereza na Wales ilibadilishwa mwezi Julai mwaka 1967, miezi mitano baada ya kifo chake.

Akili yake, ambayo tayari ilikuwa na shaka nyingi, ilizidi kuelemewa. Alitumia vidonge vya kumkesha na vidonge vya kumlaza. Aliamini kwamba makampuni makubwa yameficha maikrofoni nyuma ya karatasi za ukutani ili kuiba siri zake. Alijishughulisha na mizimu, na kumhusudu kupita kiasi mwimbaji wa Marekani Buddy Holly, aliyekufa katika ajali ya ndege tarehe 3 Februari mwaka 1959.

Muziki nao ulikuwa umebadilika. Makundi mapya ya miaka ya kati ya 1960 yalitunga nyimbo zao yenyewe na kutaka kusikika yalivyo. Goddard, mtungaji wake mkuu, alifarakana naye mwaka 1964. Ushirikiano na Meja Banks uliharibika, madeni yakaongezeka, na katika nyumba ya Holloway Road kelele, kodi na mkataba wa upangaji vikawa chanzo cha ugomvi wa mara kwa mara na Bi Shenton.

Tarehe 3 Februari mwaka 1967, miaka minane kamili baada ya kifo cha Buddy Holly, Bi Shenton alipanda juu kuzungumza na mpangaji wake. Walibishana. Meek alimpiga risasi kwa bunduki aliyokuwa amemnyang'anya mmoja wa waimbaji wake, naye akaanguka ngazini na kufa. Muda mfupi baadaye Meek alijiua. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Alizikwa Newent, mji aliozaliwa. Baada ya kifo chake kesi ya Telstar ilikwisha kwa upande wake: utunzi ulikuwa wake, na fedha zilizokuwa zimezuiwa zilikuwa zake.

Alichokiacha

Katika nyumba yake zilikutwa kanda zaidi ya 1,800. Zilifungwa katika masanduku 67 ya chai na kuuzwa kwa paundi 300 kwa mwanamuziki Cliff Cooper, aliyewahi kurekodi na Meek na ambaye baadaye alianzisha kampuni ya vifaa vya muziki ya Orange. Kwa miongo mitano hivi kanda hizo zilihifadhiwa bila kutolewa. Mwaka 2020 kampuni ya Cherry Red ilizinunua, na tangu hapo zimekuwa zikihamishiwa kwenye mfumo wa dijitali na kutolewa kwa awamu.

Sifa zilikuja zikiwa zimechelewa. Maisha yake yalifanywa tamthilia, na mwaka 2008 filamu. Mwaka 2009 chama cha watayarishaji wa muziki wa Uingereza kilianzisha tuzo ya ubunifu yenye jina lake. Mwaka 2014 gazeti la muziki la NME lilimtaja kuwa mtayarishaji mkuu kuliko wote wa zama zote. Mambo aliyoshutumiwa kwayo, yaani maikrofoni iliyosogezwa karibu, besi iliyounganishwa moja kwa moja, sauti iliyobanwa kwa makusudi na tabaka juu ya tabaka, ndiyo leo hufundishwa wanaoanza.

Kwa Waswahili walio ughaibuni, wanaorekodi kasida, taarab au bongo fleva katika vyumba vya kupanga, Meek ana mengi ya kufundisha. Chumba kibaya si kisingizio: sogeza maikrofoni, tundika mablanketi, tafuta bafu lenye mwangwi. Andika nani ametunga nini, tena kabla wimbo haujavuma, kwa kuwa kesi ya hakimiliki inaweza kudumu kuliko maisha ya mtu. Na ukuta wa nyumba ya kupanga una pande mbili, upande wa pili kuna mtu anayetaka kulala.

Akili inapoelemewa, kipaji hakimponyi mwenyewe. Meek alizungukwa na wanamuziki, wateja na wasaidizi kila siku, lakini alizama mbele ya macho yao katika nchi ambayo sheria yake ilimhesabu kuwa mhalifu. Hilo linaeleza mateso yake. Halifuti alilolitenda siku ya mwisho.

Violet Shenton hakuwa mtu wa muziki. Aliuza mikoba, alipangisha vyumba, na kwa zaidi ya miaka sita alivumilia ngoma, magitaa na vishindo vya miguu juu ya dari yake, hadi siku alipopanda ngazi na asirudi. Nyimbo tatu zilizoshika nafasi ya kwanza zilirekodiwa juu ya duka lake. Kila anayelitaja jina la Joe Meek kwa sifa hana budi kulitaja na la mama huyo.